Usidai Mji: Mwongozo wa Kuliacha Fumbo Lilale

Kila aliyelelewa kwenye mkeka anaijua bei ya jibu. Mmoja anaita, "Kitendawili!" Wenziwe wanapokea, "Tega!" Anatega. Wanakisia nazi, jongoo, mwezi, kaburi. Wapi! Wanakisia tena, safari hii kwa hasira. Wapi! Hapo mtegaji anaegemea ukuta kama kadhi na kusema, "Basi nipeni mji." Wanampa Mtwapa, anaukataa, mdogo. Wanampa Malindi, anasema alishapewa juzi. Wanamkabidhi Mombasa nzima, kisiwa na bara zake zote, Likoni hadi Kisauni, naye anaipokea, anakwenda huko kwa maneno, anakula biriani, analala kitanda cha besera, kisha anarudi na jibu. Jibu lenyewe ni yai.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya biashara hiyo. Jibu moja, mji mmoja. Wazee waliotuachia mchezo huu waliona kwamba fumbo likifunguka kuna kitu kinahama mikono, na wakaona si haki kihame bure. Sisi tunaocheza hadithi ndefu, zile za miezi na miaka, ambamo watu watano au sita wanaijenga dunia moja kwa pamoja, tumelisahau hilo. Tunatoa majibu ovyo. Tunachukua miji ya wenzetu bila hata kuiomba. Nawaandikia nyinyi wenye dadu na karatasi, mlio na fumbo moja zuri mikononi na mnawashwa kulifungua. Tulieni kidogo.

Vifaa si vingi. Utahitaji baraza yenye upepo, mkeka, kahawa chungu na kashata, dadu, penseli ambazo zikipotea hapatakuwa na kesi, na watu walio radhi kukaa na swali moja kwa miaka. Hao wa mwisho huwapati sokoni Kongowea hata ukienda alfajiri.

Sisi tunachezea Bamburi, nyuma ya Mtambo, kwenye baraza ya bibi mmoja aliyetuvumilia tangu tulipokuwa wanafunzi. Jumamosi, baada ya isha. Mchezo wenyewe ulizaliwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na tangu hapo umezaa michezo mingine mingi. Msimulizi anaieleza dunia. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya dunia hiyo, na karatasi yenye nguvu na udhaifu wa mtu huyo. Panapotokea jambo ambalo hakuna ajuaye litakwendaje, dadu inaamua. Tulipomweleza bibi haya yote alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe ni hadithi, ila mwakatizana." Sijasikia mtu aliyeueleza vizuri zaidi.

Dunia yetu ni ya pwani. Ina miji ya mawe ya matumbawe, majahazi, mikoko, majini ya bahari na majini ya bara, na wafanyabiashara wenye mizani za uongo. Ina pia kisiwa kimoja ambacho watu wake walihama, haijulikani lini. Kisiwani kuna nyumba ya ghorofa, na katika nyumba hiyo, dirisha la tatu kutoka kushoto, taa huwashwa kila usiku wa mwezi mwandamo. Nani anaiwasha? Taa hiyo ndiyo chuo nilichosomea kila nitakalowaambia.

Jambo la kwanza linamhusu msimulizi, nalo ni gumu: usilijue jibu. Wako wanaoshauri vingine. Wanasema awe nalo mfukoni, alifiche, alitoe siku ikifika. Nimejaribu. Mtu aliyeficha embe mfukoni hatembei sawa. Mchezaji akikaribia kweli, macho yako yanaruka. Akienda mbali nayo, unamvuta taratibu kama kondakta anayekushika mkono kukupandisha matatu isiyokwenda kwenu. Wenzako si wajinga. Baada ya mwezi mmoja hawakichezi tena kisiwa, wanakusoma uso.

Mfano mkubwa wa ujasiri huu umo katika Eberron, dunia ya mchezo iliyobuniwa na Keith Baker na kutolewa kitabuni mwaka 2004. Katika dunia hiyo kuna nchi iitwayo Cyre iliyoangamia kwa siku moja tu, ikabaki ukungu umetanda mipakani. Ndilo tukio kubwa kuliko yote huko, watu wote wa dunia hiyo wanaishi kwa hofu yake, na waliolitunga waliamua kwamba sababu yake haitaandikwa rasmi. Kila mkeka ujue wake, au usijue. Fikirieni maana ya uamuzi huo. Wako waliosema ni silaha ya vita iliyowaponyoka waundaji wake, wako waliosema ni adhabu kutoka mbinguni, na wote wana haki sawa. Jibu rasmi likichapishwa kesho, miji yote hiyo itabomolewa ibaki mmoja. Tolkien naye alimwacha Tom Bombadil bila asili kwa makusudi, na alipoulizwa kwa barua alikiri kwamba ndivyo alivyotaka. Aliyeijengea dunia yake lugha na kalenda hakushindwa kumwandikia mzee mmoja nasaba yake. Alimwacha.

Ila kutolijua jibu si ruhusa ya kutojua chochote. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani fumbo ni giza, basi wanamwaga giza: sauti zisizo na mwenyewe, vivuli, upepo wa ajabu. Wachezaji wanapiga miayo. Ukungu haumshughulishi mtu. Kinachomshughulisha ni kitu kigumu, kinachoshikika, kilichokaa pasipo pake.

Kama unataka kulielewa hili kwa macho, simama barabara kuu, panda gari la Malindi, ushuke Gede. Ndani ya msitu kuna mji. Kuna msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, kuta mbili za kuuzunguka mji, na kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948 akaendelea kwa takriban miaka 10. Alikuta vyombo vya China na shanga kutoka mbali. Nyumba alizofukua alizipa majina ya vitu alivyovikuta ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya sarafu za Kichina. Karne ya 17 mji ulikuwa umehamwa. Wareno walikaa Malindi, kilomita kama 16 tu kutoka hapo, muda unaokaribia karne nzima, na wala hawakuuandika. Kwa nini watu walihama? Wengine wanasema maji ya visima yalishuka. Wengine wanataja Wazimba waliopita pwani hii mwaka 1589, au Waoromo waliosukuma kutoka kaskazini, au biashara iliyokwenda kwingine. Kila sababu ina ushahidi wake na kila sababu ina pengo lake. Kirkman mwenyewe, mtu wa kipimo na daftari, aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kutazamwa kutoka nyuma ya kuta. Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, na hakuna aliyetakiwa kwanza alete jibu.

Sasa uangalie ule mkasi. Tunajua ni mkasi. Tunajua ulikuwa chumba gani. Mkono ulioushika hatuujui, wala nguo iliyokuwa ikikatwa siku ya mwisho. Hilo ndilo fumbo lililojengwa sawasawa: kila kitu kina kipimo isipokuwa kile kimoja unachokitaka. Ukiweza kujenga hivyo mkekani, umemaliza nusu ya kazi.

Nilijifunza hili kwa kubanwa. Kati yetu kuna dada mmoja mshonaji ambaye katika mchezo ni mvushaji magendo wa makamo. Usiku fulani mtu wake alifika dirisha la tatu mwezi ukiwa umeandama, akatupa dadu ya pande 20, ikazunguka, ikagonga kikombe cha kahawa, ikasimama 17. Amefanikiwa kupanda. Taa inawaka, chumba hakina mtu. Nilidhani atauliza habari za nyayo au mlango.

"Utambi ni wa nini?"

"Wa pamba," nikasema.

"Pamba ya kusokota au kitambaa?"

"Kitambaa."

"Cha nini? Si kila kitambaa huwaka hivyo."

"Cha leso."

Akavuta mkeka karibu. "Leso ina jina. Lasemaje?"

Sikuwa nimefikiria lolote kati ya hayo. Nikasema leso imepasuliwa vipande, jina lake limeungua karibu lote, limebaki neno moja tu kwenye pindo: mwenyewe. Hapo mchezo ukasimama kwa saa nzima bila mtu kugusa dadu. Mmoja alisema jina kamili lilikuwa la kungoja, kwamba atarudi mwenyewe. Mwingine akasema hapana, hiyo ni leso ya kusutana, umeyataka mwenyewe. Mshonaji alishika kwamba mtu hachani leso ya zawadi kuifanya utambi, kwa hiyo aliyeichana alikuwa amekosa kitambaa kingine chochote, na hilo lenyewe ni habari. Bibi alipotoka kutufukuza tulikuwa bado tunabishana. Swali la nani halikusogea hata shibiri moja, na hakuna aliyelalamika. Tulirudi nyumbani tumeshiba.

Kwa hiyo mchezaji akikuomba kitu cha kushika, mpe. Mpe harufu ya mafuta, mpe kovu la ukutani, mpe idadi ya ngazi. Zuia kimoja tu.

Na hicho kimoja ukichague vizuri. Watu wa barabara yetu hii ya Malindi ni mabingwa wa kuchagua, kuliko mtunzi yeyote niliyemsoma. Mnaijua hadithi ya mwanamke wa buibui anayesimamisha gari usiku. Dereva anampakia, wanazungumza vizuri, ananukia udi, kisha taa ya ndani ikiwaka dereva anaona miguu ina kwato. Nimeisikia ikitokea Bamburi, ikitokea Shanzu, ikitokea darajani Mtwapa. Aliyepatwa ni daima jirani ya shemeji ya mtu, hata siku moja si msimulizi mwenyewe. Kila anayeisimulia anazieleza kwato. Sijamsikia hata mmoja akieleza yule mwanamke alikuwa akienda wapi. Alisimamisha gari, ana safari, pengine ana anayemngoja. Hadithi nzima imejengwa juu ya swali hilo na haijawahi kuliuliza, ndiyo maana inaishi kizazi baada ya kizazi bila kuchakaa. Anayetaka kulijaribu hili mkekani afiche safari, aonyeshe kwato.

Sasa nije kwa mwenzetu mfumbuaji, maana kila kikundi kina wake, na miongozo mingi inamwonea. Wetu ni fundi stima. Kazi yake mchana kutwa ni kuufuata waya ukutani hadi apate ulipokatika, na kwake swali lisilojibiwa ni jambo la hatari, ndivyo nyumba zinavyoungua. Mtu kama huyu usimdhihaki na wala usimchoshe kwa "tutaona, tutaona." Ana haki ya majibu. Mpe majibu. Nani alitia sumu chakula cha nahodha? Kwa nini kisima cha mji wa kusini kiligeuka chumvi? Mizani ya forodha iliibwa vipi na mlango umefungwa? Hayo yote kayafumbua, kwa haki, kwa akili yake, na tulimshangilia. Kipimo changu ni hiki: kwa kila fumbo moja unaloliacha lilale, fumbua matatu mpaka chini, na ushahidi wake uwe ulikuwepo tangu mwanzo. Msimulizi asiyejibu lolote hana fumbo. Ameishiwa na hadithi na anaona haya kusema.

Hadithi ya Fumo Liyongo ni mwalimu mzuri wa kipimo hicho. Kifo chake tunaelezwa hatua kwa hatua. Tunajua alivyotoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, ngoma zikiwa zinalia kufunika kelele za kukata minyororo. Tunajua ni kitu gani pekee kiliweza kumuua, sindano ya shaba kitovuni, na tunajua mtoto wake mwenyewe ndiye aliyeidunga. Tunajua alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Hakuna fundi stima wa kulalamika hapo. Lakini aliishi lini? Wataalamu wamemweka katika nyakati zilizopishana kwa mamia ya miaka. Muhammad Kijumwa alipouandika utendi wake mwaka 1913 hakutaja zama za Liyongo, na pengo hilo limeuachia kila mji wa pwani ya kaskazini nafasi ya kumwona Liyongo kuwa wa zama zake. Jibu la "vipi" limetolewa kwa ukarimu, jibu la "lini" limeachwa, na watu wameingia hapo na kukaa.

Jumba la Mtwana, ng'ambo ya hori la Mtwapa, ni mfano mwingine, nami nitaupita haraka. Mji wa karne ya 14, misikiti minne, na ule msikiti wa baharini wimbi karibu linagusa ukuta wake. Jina linazungumzia mtumwa, na hakuna maandishi ya zamani yanayoutaja mji wala kueleza jina lilikotoka. Nendeni jioni, maji yakiwa yamejaa.

Kisha kuna subira, ambayo haifundishiki kwa maneno, basi nitaonyesha shimo. Kiwanda cha saruji hapa kwetu kilianza kazi mwaka 1954, na kwa kuwa saruji yake hutoka kwenye mawe ya matumbawe, kilichimba. Tulibaki na uwanda mweupe, mkavu, wa chumvi, jua likirudi usoni kama kutoka kwenye bati. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo, alianza kupanda miti ndani ya shimo. Aina nyingi zilikufa. Mvinje ukashika. Lakini majani ya mvinje, vile visindano vyake, yalianguka na kukaa tu, hayaozi, ardhi haipatikani. Akaleta jongoo, wale wa miguu myekundu. Jongoo wakala majani, wakayageuza udongo, kidogo kidogo, na leo watoto wa shule wanakwenda pale kulisha twiga. Shimo halikufukiwa. Walioligeuza msitu walikuwa wale jongoo, kila mmoja akitafuna lake.

Nikikaa na wenzangu barazani naona jongoo, na ninasema hivyo kwa heshima kubwa. Mimi naleta shimo na miti miwili mitatu. Wao wanatafuna. Mmoja alianza kuwatuma watu kisiwani wapeleke mafuta ili taa isizimike. Mwingine akaanzisha katika mji wetu mkubwa desturi ya kutofunga dirisha la tatu usiku wa mwandamo. Mshonaji akabuni biashara ya leso zenye neno moja tu pindoni. Yote haya yameota juu ya swali lisilo na jibu, na sikuyapanda mimi.

Ndani ya shimo hilohilo lilitokea jambo jingine lililozunguka dunia. Desemba 2004, baada ya tsunami, mtoto wa kiboko aliokolewa karibu na Malindi akaletwa Haller Park. Alipewa jina Owen. Akamganda kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, wakala pamoja na kulala pamoja. Upande wa Owen unaelezeka: kapoteza mama, kaona mgongo mkubwa wa kijivu. Upande wa Mzee ndio unaonikaa moyoni. Kobe wa karne nzima aliyezoea kuwa peke yake, kwa nini alikubali? Mgeni akiniuliza, namwambia akamtazame kobe yeyote usoni kisha arudi aniambie.

Sasa nieleze nilivyovunja mwongozo wangu mwenyewe, maana mtu anayefundisha kuogelea sharti aseme siku alipokunywa maji.

Mwenzetu mmoja alipata kazi Doha. Alikuwa nasi tangu mwanzo, mtu wake katika mchezo ni mwanamaji kijana mwenye deni kila bandari. Usiku wake wa mwisho nilitaka kumpa zawadi, nikaona hakuna zawadi kubwa kuliko taa. Nikaandika jibu kwa wiki mbili. Aliyekuwa akiiwasha ni mjane wa nahodha, mzee sana, aliyebaki kisiwani wengine walipohama, na leso aliyoipasua ilikuwa ya harusi yake. Nilisimulia vizuri. Mshonaji alijifuta macho. Fundi stima akapiga makofi. Mwenzetu akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono miwili, asubuhi akapanda ndege.

Jumamosi iliyofuata tulikaa, tukanywa kahawa, tukazungumza habari za mpira. Iliyofuata walikuja watatu. Hakuna aliyegombana na mtu. Kisiwa kilikuwa kimefungwa kama duka.

Baada ya miezi miwili yule wa Doha akanitumia ujumbe wa sauti. Aliongea taratibu, nyuma yake nasikia kiyoyozi. Alisema mama yake, enzi za uhai wake, alikuwa akimwachia taa dirishani alipokuwa na zamu za usiku. Mama huyo alifariki kabla hatujaanza mchezo. Hakuwahi kutuambia. Alisema kila tulipokitaja kisiwa alikuwa anakaa kimya makusudi. "Si kwamba nilitaka awe yeye," akasema. "Nilitaka tu asiwe mtu mwingine."

Niliusikiliza ujumbe huo mara nne, nikiwa nimesimama kituoni Mtambo, tuktuk zikinipita. Nilikuwa nimemwomba mji wake na kuuchukua, na yeye alikuwa amenishukuru.

Ukiteleza hivyo, njia ya kwanza itakayokujia ni kufuta: kuwaambia wenzako yale yasihesabike, mjane hayupo. Usifanye. Mshonaji alikwishamlilia mjane yule, na kumwondoa ni kuchukua mji wa pili kulipa deni la wa kwanza. Liache jibu liwe kweli, kisha liache liishe. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Nikawaita wote warudi, nikawaambia watu wao wamefika kisiwani na kumkuta mjane amekufa, kitandani, mikono imetulia. Walimwosha. Walimsalia. Walichimba kaburi kwa zamu, na tulilichimba kwa dadu kweli, kila mmoja akitupa, kwa sababu ardhi ya matumbawe ni ngumu. Walifunga nyumba wakampa jirani wa kisiwa cha pili ufunguo. Wakakaa ufuoni kungoja jahazi. Jua likazama, mwezi ukaandama, mwembamba kama ukucha.

Nikasema, "Dirisha la tatu, taa inawaka."

Fundi stima akaweka penseli chini. Alifungua mdomo, akaufunga. Mshonaji alikuwa anatabasamu gizani, namwona meno.

Tangu hapo mwenzetu wa Doha anacheza nasi kwa simu. Saa zao na zetu ni moja, kwa hiyo isha ya huku na usiku wa huko havipishani sana. Simu tunaiegemeza kwenye kopo la kashata, sauti juu. Jumamosi iliyopita stima ilipotea Bamburi yote, Mtambo hadi Mwisho, ikabaki ile simu tu inawaka katikati ya mkeka, na yeye hajui kama tumo gizani.

"Jamani," akasema. "Mimi naomba kuuliza. Sasa hivi ile taa, ni nani?"

Tukatazamana.

"Toa mji," akasema mshonaji.

"Nawapa Doha."

"Tumeukataa."

"Doha yote! Na uwanja wa ndege juu yake."

"Hatuutaki."

Kutoka ndani ya nyumba, gizani, bibi akapaza sauti, "Na akiwapa Bamburi msichukue!"

Akacheka kule, kicheko kirefu, simu ikatetemeka juu ya kopo. Kisha akasema haya basi, mtu wake anapanda ngazi, na tukasikia dadu yake ikizunguka juu ya meza ya huko.